Sisi Huku Hatujambo

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini maneno haya yatakukuta mzima, na Mama pia. Mimi sijambo, nafua mashuka ya hospitali kutwa nzima kama kawaida.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu nikipiga simu Mama anaipokonya, hatuongei la maana. Jirani yako ameniambia ulijifungia bafuni saa nzima, bomba linatiririka, wateja wanangoja nguo zao mlangoni. Usimkasirikie, alishikwa na hofu tu. Dada, miaka mitatu unamlea Mama na ugonjwa wake wa kusahau peke yako. Hata cherehani hutiwa mafuta.

Nimekutafutia mshauri. Ni afisa ustawi wa jamii, kasomea hasa shida za familia na msongo wa mawazo, na anaongea na watu kwa video. Kila Jumanne, saa nne asubuhi. Nimeshakuandikisha, usiniletee ukali.

Mdogo wako,
Chiriku


11 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, Mama hajambo, kula anakula. Wasiwasi wetu ni wewe na baridi ya huko.

Mgeni wako nilimpokea. Toka alfajiri nilifagia, nikapiga deki, nikavaa lile gauni la kijani. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la vifungo. Mama nikamkalisha kulia, jirani kushoto, maana mgeni hapokelewi na mtu mmoja. Mbele ya simu nikaweka glasi ya juisi na sahani ya biskuti. Usicheke! Mtu kaja kwako, hata kama kaja kichwa tu, utamwacha mdomo mkavu?

Akauliza habari za nyumbani, nikamwambia nzuri. Za kazi, nzuri. Za usingizi, nzuri. Dakika hamsini, nzuri tupu. Mwishoni akasema, "Wiki ijayo ningependa tuwe wawili tu." Nikajua hakuzipenda biskuti.

Mimi sina wazimu, Chiriku. Hiyo nafasi mpe anayeihitaji.

Dada yako


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mbavu zinauma kwa kucheka. Umemwandalia juisi mtu wa kwenye kioo! Haya, aliinywa nani?

Sasa sikiliza, na hapa sitanii. Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumanne ijayo ingia chumba cha kushonea, funga mlango, uwe peke yako. Saa hiyo Mama niachie mimi. Nitampigia kwenye simu ya jirani wakati wa mapumziko yangu, nitamwimbia nyimbo zake zote hadi umalize. Naogopa, dada. Naogopa siku moja bomba litatiririka na wewe hutatoka. Niahidi.

Mdogo wako,
Chiriku


18 Machi

Chiriku,

Marahaba. Hatujambo. Nimefunga mlango, ameuliza maswali yake. Ya kule yabaki kule. Wateja wananingoja.

Dada yako


15 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana barua mbili hukujibu. Mshauri nikimuuliza hasemi, eti siri yako ni yako, na kwa hilo namheshimu. Jirani anasema kila Jumanne unafunga mlango, basi nimetulia kidogo.

Lakini jana Mama aliacha kuimba ghafla, akaninong'oneza, "Mwambie fundi asinivute mkono." Fundi gani, dada? Kuna mtu anaingia humo ndani anamuumiza Mama? Niambie, hata kama ni baya.

Mdogo wako,
Chiriku


22 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali. Mshauri amenipa kazi, nikuandikie barua isiyo na hatujambo. Nimeanza mara nne, na mara nne mkono umejiandikia wenyewe, "sisi huku wazima." Nikafuta. Hatujawa wazima siku nyingi.

Fundi ni mimi. Mama hanijui tena. Ananiita fundi, ananiuliza, "Fundi, wanangu wako wapi?" Wewe uliye mbali anakujua kwa sauti tu. Mimi namuogesha kila asubuhi na hanijui. Inauma, Chiriku, na nimekuonea wivu.

Unakumbuka alivyotushonea nguo zetu zote. Mikono yake haijasahau kazi. Siku ile aliingia chumbani akafumua gauni la bibi harusi, mshono kwa mshono, na uzi akaukunja vizuri kabisa. Kazi ya siku tatu, na harusi kesho yake. Nikamvuta mkono. Nilimvuta kwa nguvu, ukavimba. Akanitazama kama mtoto aliyechapwa na mtu baki. Ndipo nikaingia bafuni nikafungulia bomba, wateja wasinisikie nikilia.

Nilimwambia mshauri nikijua atanichukia. Akauliza mkono wa Mama ukoje sasa. Nikamwambia umepona. Akauliza kama nimerudia. Sijarudia. Kisha akauliza, "Na wewe mwenyewe ukoje?" Jamani! Miaka mitatu nimeulizwa hali kila siku, ila siku hiyo niliulizwa na mtu aliyengoja jibu. Nililia mpaka simu ikaanguka kutoka kwenye kopo.

Tumepanga mambo. Jirani atakaa na Mama asubuhi mbili kwa wiki. Mama nimempa kapu lake la nguo kuukuu, afumue atakavyo. Nikihisi hasira inapanda, natoka uani namwita jirani kabla sijagusa mtu.

Lakini kuna moja ambalo mshauri kasema hawezi kunisemea. Njoo. Sitaki zawadi wala mshauri wa pili. Njoo ukae nami hata wiki mbili. Nimechoka, mdogo wangu.

Dada yako


25 Aprili

Dada yangu,

Nami sikusalimii. Nimekusoma nikiwa nimekaa juu ya lundo la mashuka, msimamizi akadhani nimefiwa.

Siwezi kusema mkono ule haukuniuma. Umeniuma sana. Lakini mimi nilikuwa wapi? Kila mwaka nakwambia likizo hakuna. Likizo ipo, dada, nilikudanganya. Nikiwa huku mimi ni sauti, na sauti Mama anaijua. Niliogopa kusimama mbele yake akaniuliza mimi nani. Nikakuacha wewe usahaulike kwa niaba yangu, nami nikiandika kila mwezi kwamba sijambo. Nisamehe.

Nimeomba mwezi mzima, nimepewa. Nafika Jumamosi adhuhuri. Jumanne utafunga mlango wako kama kawaida, na mimi nitakaa na Mama na kapu lake, tufumue. Akiniuliza mimi nani, nitamwambia ni mwanafunzi mpya wa fundi.

Ile juisi ya mgeni iandae, safari hii itanyweka. Salamu tutapeana mlangoni.

Mdogo wako,
Chiriku