Herufi Kabla ya Tarakimu

Lubumbashi, tarehe 9 ya mwezi wa tatu

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na Mama, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta wazima na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Sisi huku afya tunayo. Syntiche anawasalimu, na watoto wanasoma vizuri. Mimi siumwi, lakini situlii: tangu nianze ukurasa huu nimeinuka mara nne, nimefungua dirisha na kulifunga, bila kujua nilichokuwa nakitafuta. Utajiuliza kwa nini ninaandika ilhali simu ipo. Wiki hii nilikupigia mara mbili ili niseme haya, na mara zote mbili niliishia kuuliza habari za mahindi.

Unajua kwamba tangu mwezi wa tisa nimekabidhiwa mashine kubwa ya kampuni, ile inayotunza majina ya wastaafu wa mgodi wanaotibiwa katika dispanseri zake. Ulipowatangazia wenzako baada ya Misa kwamba mwanao ndiye anayeiamuru, hukukosea kuhusu cheo. Ulikosea kuhusu elimu. Kwa miaka kumi na minne nimeandika programu za benki na za simu, nikadhani mashine moja zaidi ni kazi ya wiki tatu. Hii haifanani na chochote nilichowahi kukigusa. Programu zake ziliandikwa kabla sijazaliwa. Amri ikianza nafasi moja nje ya mahali pake, inakataa kazi nzima na kutoa namba ya kosa ambayo maana yake imo katika kitabu ambacho kampuni ilikipoteza zamani. Nilijifundisha peke yangu kwa nyaraka za mtandaoni, nikajaza madaftari matatu, na kila jibu lilinizalia maswali mawili. Nikawa naondoka mezani katikati ya chakula kwenda kuhakikisha neno moja. Syntiche aliniuliza kama nimeoa mke wa pili wa chuma, na kama ni hivyo, mahari ilipelekwa kwa nani.

Aliyeijua mashine hii ni Papa Donat, mstaafu aliyeandika programu zake, ambaye siku hizi anashinda mtaa wa Kamalondo katika duka la ushonaji la mkewe. Nilimwendea mara moja, mwezi wa kumi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia washonaji kwa sauti kwamba huyu mutoto amezoea Toyota, sasa iko anatafuta volan ya kukata kona ndani ya treni. Walicheka hadi cherehani zikasimama. Nilicheka pamoja nao, nikaaga kwa adabu, nikaapa moyoni kwamba sitarudi. Wakati ule niliita jambo hilo kujiheshimu.

Mwezi uliopita Madame Edith, mkuu wa idara yetu, aliniagiza nilinganishe faili kuu na orodha mpya ya wastaafu waliothibitishwa kuwa hai. Mashine husoma orodha zote mbili kwa pamoja, mstari kwa mstari, kama makarani wawili wanaoitana majina. Ambaye hakutajwa pande zote mbili huondolewa. Kwa hiyo ni lazima orodha zote mbili zipangwe kwa utaratibu uleule. Nilijaribu kuipanga ile mpya ndani ya mashine, nikakataliwa mara tatu. Ndipo nikafanya anachokifanya fundi mzoefu akiona haya: nikarudi kwenye chombo ninachokijua. Niliipanga katika kompyuta yangu ndogo, nikairudisha, nikaamuru kazi iendelee. Mashine ilimaliza ikaandika sifuri nne, ishara kwamba hakuna kosa. Madame Edith alinipongeza mbele ya ofisi nzima.

Wiki mbili baadaye ulinipigia ukicheka. Ulisema muuguzi wa dispanseri amekunyima dawa za tension ya damu kwa sababu mashine haikujui, nawe ukamjibu angoje aone, maana mwenye mashine ni mwanao. Nilicheka kidogo, nikakata simu, nikaanza kutafuta. Niliona kwamba si wewe peke yako. Wote ambao namba zao za kazi zinaanza na herufi K, yaani watu wa Kambove, mia nne na kumi na wawili, walikuwa wameondolewa. Miji mingine, ambayo namba zake zote huanza na tarakimu, haikupoteza hata mtu mmoja. Kwa nini, sikujua.

Baba, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Madame Edith aliponiuliza kilichotokea, nilimjibu kwamba programu za Papa Donat zimechakaa. Nililisema kwa utulivu na kwa maneno ya kitaalamu, naye akaliandika katika ripoti. Kisha nikanyamaza siku tisa. Siku ya sita mdogo wangu Constance alinipasha habari kwamba Baba Mwenze, uliyefanya naye kazi shimoni, amelazwa Likasi kwa sukari, baada ya kurudishwa mikono mitupu kwenye dirisha lilelile la dispanseri. Hata hapo sikusema.

Siku ya tisa nilirudi Kamalondo. Papa Donat, ambaye hakujua nilivyomchafua, aliniuliza swali moja tu: orodha niliipangia wapi. Nilipomwambia, hakucheka. Alieleza kwamba kompyuta ndogo huweka tarakimu mbele ya herufi, lakini mashine kubwa huweka herufi mbele ya tarakimu. Kwa hiyo mashine ilianza kuwaita watu wa K. Katika orodha yangu walikuwa mwishoni kabisa. Mashine hairuki mistari kwenda kutafuta mbele, hivyo kila aliyeitwa akahesabiwa kuwa hayupo. Aliuliza pia iko wapi kanda ya nakala ya faili kuu. Sikuwa nimeifanya. Nilidhani mashine hujiwekea nakala yenyewe, kama zile nilizozizoea. Kanda ya mwisho inayosomeka ni ya miaka minane iliyopita.

Jana asubuhi nilimweleza Madame Edith yote, na kumwomba alifute jina la Papa Donat katika ripoti na kuandika langu. Amelifuta. Kuhusu kazi yangu ataamua mwisho wa mwezi. Orodha niliyobaki nayo ina majina na namba tu. Miaka ya kazi, na majina ya wake na watoto wanaotibiwa, vimebaki ndani ya livret, vile vijitabu vya kazi mlivyovihifadhi majumbani. Papa Donat amekubali kukaa karibu nami tunapoziandika upya.

Jumamosi nitafika Kambove kwa gari la kwanza. Nakuomba uwaite wenzako uani mwa parokia, kila mmoja na livret yake, na familia ya Baba Mwenze pia. Usiwaambie sababu, nitaisema mwenyewe nikiwa nimesimama, na kila anayejua kwamba wewe ni baba yangu atanisikia. Dereva anayekuletea barua hii amebeba dawa zako, na nyingine, za Baba Mwenze, amezipitisha hospitali ya Likasi. Livret yako nitaiandika ya mwisho, baada ya mia nne na kumi na moja. Ukiona afadhali usifike, mpe Constance ailete.

Msalimie Mama, Constance na majirani wote. Mungu awalinde hadi tutakapoonana.

Mwanao,
Gauthier Kunda