Vyombo vya Mama Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Mama Haraka, mtunzaji wangu, ameondoka tangu Ijumaa. Mjukuu wake amezaliwa kabla ya wakati, na binti yake hana mtu wa kukaa naye hospitali. Alisimama mlangoni, begi kwapani, machozi karibu. Nikamwambia, nenda, mama, mimi si mtoto mchanga. Akasema, afadhali ungekuwa, mtoto mchanga hagombani na uji! Hata kuniaga aliniaga mbiombio. Ndiyo asili ya jina lake.

Binti yangu hajui. Yuko mbali — ndege mbili na kulala njiani — anajenga madaraja. Yeye ndiye aliyemtafuta Mama Haraka. Nikimwambia, ataniletea mgeni mwingine wa kunifunga vifungo vya shati. Au nyumba ya wazee, nikapangwe kwenye benchi na watu wanaotazama ukuta.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Naliungama hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa sauti katika michezo ya redio. Milango, nyayo, mvua ya mchele kwenye sinia. Niliisomea kazi hiyo, kisha nikaifundisha. Sasa mikono inatetemeka, sinia siliwezi. Kibodi naiweza, kwa kidole kimoja. Ipo programu ya kompyuta inayopiga muziki kwa maandishi. Unaandika neno, inatoa sauti yake. Kistari ni kimya. Mstari ukiisha unarudi mwanzo, unazunguka hivyo hivyo, nawe unaubadilisha huku unacheza. Nilikuwa najitengenezea ngoma na besi humo, burudani ya kikongwe. Na sauti za Mama Haraka ninazo. Nilimrekodi jikoni mwaka jana, naye akicheka: kikombe, sufuria, kisu, mlango, kikohozi.

Leo nimeandika: kikombe - - kisu kisu - mlango -

Nikafumba macho. Yupo!

Haya pia nayaandika kwenye ukurasa huohuo. Mstari ukianza na alama ya reli, hii #, mashine inauruka, haiupigi. Yangu yote yanarukwa.

Jumatano, 5 Machi

Binti yangu amepiga. Simu naiweka spika, mkono hauishiki tena. Shikamoo mzee wangu, nasikia jikoni kumechangamka! Nikasema ndiyo, Mama Haraka anakata vitunguu. Akasikiliza. Kisha akasema, Baba, huyo mama akichoka kupika aende bendi, anakata kwa mpigo kamili.

Kosa langu. Sikuweza kujizuia. Kisu nilikiweka nyuma kidogo ya kikombe, vikawa vinavutana, kimoja kinamsukuma mwenzake — utamu mtupu. Hakuna mwanamke duniani anayekata vitunguu hivyo. Karibu nikamatwe kwa sababu ya ufundi!

Lakini alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomchekesha. Akaniambia, nikisikia uko na mtu, Baba, hata usingizi wangu unakuwa usingizi.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata dawa. Ukiweka alama ya kuuliza baada ya neno, mashine inajiamulia: mara ipige, mara iache. Kikombe? Kisu? Mlango? Sufuria? Kikohozi? Sasa Mama Haraka ana akili zake mwenyewe. Anaanza, anasita, anaisahau sufuria, anaikumbuka. Nimekaa asubuhi nzima namsikiliza. Ngoma zangu zote za nyuma ni takataka mbele ya hii.

Kisha mambo yakaharibika. Binti kapiga ghafla, anataka kumsalimia. Nikasema ametoka, kaenda sokoni. Huku nafuta mstari mbiombio — nikakosea herufi. Programu hii ukikosea haisimami. Inaendelea na ulichoandika mwanzo, kana kwamba hukusema kitu.

Kikohozi!

— Nani huyo?

— Mimi.

— Baba. Kikohozi cha kike?

— Ndio uzee huo, mwanangu. Umechukua nywele, umechukua meno, na sauti nayo ungeiachia nani?

Alicheka mpaka akakosa pumzi. Nami nikacheka, nikalipia kwa robo saa ya kuhema. Simu ilipokatika niliendelea kuitazama. Huwa inabaki na mwanga kidogo, kisha unazima.

Niseme ukweli, maana muda wa kujificha umebaki mdogo. Huwa najiambia namdanganya ili asihangaike. Si kweli. Nataka aje. Ila nataka aje kwa kunitamani, si kwa kuwa hakuna wa kunikorogea uji. Kiburi, basi. Nimesoma vitabu vingi na sikupata jina lingine la kitu hiki.

Na jingine: siku hizi siizimi hata kama simu hailii. Jana mlango wa mashine uligonga nikaitika, "Karibu!"

Jumatatu, 10 Machi

Nimeizima, nijaribu. Nasikia friji. Bomba linalovuja. Goti langu.

Nimeiwasha kabla chai haijapoa.

Alhamisi, 13 Machi

Hospitali. Dereva wa teksi alinishika mkono ngazi zote, akinihimiza kama mtu anayefundisha udereva: haya, gia ya kwanza, mzee, gia ya kwanza! Daktari ni mama mmoja asiyezungusha maneno. Moyo umechoka. Maji yanapanda kifuani. Dawa zitasaidia kulala, si kupona. Akauliza, una mtu nyumbani? Nikajibu, nyumba imejaa. Akaniangalia juu ya miwani. Una watoto? Mmoja. Akaweka kalamu chini. Mzee, mwite. Aje mwezi huu. Usimwambie "ukipata nafasi."

Nilirudi nimeshaipanga sentensi yangu. Fupi, safi, ya redio.

Jioni akapiga yeye kabla yangu. Kumbe alikuwa ameomba likizo! Aje mwezi huu huu, bila kuniambia, anishtue mlangoni. Kwa kunitamani tu, bila sababu yoyote. Lakini daraja limechelewa, wanamng'ang'ania. "Na kwa kuwa naona nyumba yako ina uhai, Baba, nimeisogeza mpaka Desemba. Hutanikasirikia?"

Nyuma yangu kikombe, kisu, kikombe.

Nikasema, "Wewe fanya kazi, mwanangu."

Desemba!

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii. Na msikilizaji wangu ameamini kila sauti.

Jumamosi, 15 Machi

Yuko kwenye spika sasa hivi. Safari hii nimepiga mimi. Niliapa kumwambia kabla hata ya salamu. Mashine sikuizima — nilitaka, nikaogopa kubaki peke yangu na sentensi ile. Sauti yake ilipoingia, nikasema, aa, nilitaka kukujulia hali tu.

Anasimulia kuhusu nguzo. Nguzo gani sijui.

— Baba, unahema.

— Nimepanda ngazi.

— Mbona nasikia unaandika? Mtu anaandika huku anapanda ngazi?

Nimeondoa mikono kwenye kibodi. Nimeirudisha. Nisipoandika nitalia, naye atasikia.

Sasa anaita. Haniiti mimi, anamwita Mama Haraka. "Mama! Shikamoo, mama. Samahani sana. Naomba uache vyombo kidogo, nataka nimsikie baba anavyopumua."

Nimefuta kisu. Herufi kwa herufi, polepole, nisikosee. Kisu kimekoma.

"Asante, mama."

Anamwambia kwa adabu kama anasema na mkwe. Nimefuta sufuria. Nimefuta mlango. "Na hicho kikombe, mama, niwie radhi." Nimefuta kikombe.

Limebaki neno moja kwenye mstari, kikohozi, na alama yake ya kuuliza. Mstari unazunguka mtupu. Mara hii hakikupiga. Mara hii pia. Pumzi yangu inalia kama mlango wa zamani, huu sijaurekodi mimi. Ananisikiliza.

"Mama?" ameita. "Mama, upo?"

Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta.

"Baba," anasema, taratibu sana, kama mtu anayejaribu ubao kwa mguu kabla ya kuukanyaga. "Uko na nani hapo?"

Lile neno nimelifuta. Ananisubiri.