Nne Niliyoiacha Bila Jembe

Dindira,
Korogwe.
Jumatano, 20 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Godfrey,

Shikamoo. Tangu uhamishiwe shule ya Kwaluguru sijui unalalaje na joto hilo la Handeni, wewe mtu wa milimani. Mgongo unaendeleaje? Mama anauliza kama bado unaupaka ile dawa yake ya mizizi. Sisi hatujambo. Mvua inanyesha, na majani ya chai yanachipua kuliko mikono ya kuyachuma.

Ningekupigia simu, lakini ningelia, na salio lote lingeishia kwenye kilio.

Mtihani wa hesabu nimeufanya wiki iliyopita, mara ya tatu sasa. Unajua kwa nini naung'ang'ania. Kituo cha kupokelea majani kinatafuta karani wa mizani, na wanamtaka mwenye cheti cha kidato cha nne chenye hesabu. Mimi nina kikapu tu mgongoni, mwaka wa tisa huu.

Lile swali letu lilikuja, Mjomba! Walitoa y = ⅔x + 4, wakataka iandikwe kwa ile sura ya pili: vyote upande mmoja, sifuri upande wa pili, bila sehemu. Nilitabasamu peke yangu. Nikazidisha kwa tatu: y ikawa 3y, ⅔x ikawa 2x. Ile nne sikuigusa. Nikaandika 2x − 3y + 4 = 0, nikapiga mstari chini yake kwa rula, kwa madaha kabisa.

Ulinifundisha kwamba namba isiyo na herufi ni kama mgeni kwenye mlinganyo. Nami nimelelewa na Bibi, ambaye mgeni wake hata kikombe haoshi. Basi nikamwacha mgeni akae.

Nikarudi nyumbani. Shangazi Catherine alikuwa kwetu siku ya tatu, na Mama alishampa jembe, wanapalilia maharage. Palepale nikaikumbuka ile nne yangu. Mgeni siku mbili, Mjomba! Ukizidisha, unazidisha wote waliomo, na mgeni naye. Ilitakiwa iwe kumi na mbili.

Swali lililofuata lilitegemea jibu hilo, nalo limekwenda na maji. Mengine niliyagusagusa tu. Karatasi zimeshafungwa, zimeondoka, na sina la kufanya. Mwanangu Upendo ananiuliza kila siku kama nimefaulu. Namwambia tusubiri. Nimechoka kumwambia tusubiri, na hili nakwambia wewe tu.

Msalimie Mama Ernesti na mzee Semboja, jirani yenu. Mama anakusalimu, na Shangazi pia, ambaye bado yuko shambani. Mungu akutunze, na huo mgongo aupe nafuu.

Mpwa wako akupendaye,
Elina

N.B. 2x − 3y + 12 = 0. Nisahihishie, Mjomba. Niwekee alama ya vema kwa kalamu yako nyekundu, kisha unirudishie karatasi hii. Najua haihesabiwi.