Damu Kwenye Gauni la Bibi Harusi

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hata mate nayameza kwa woga, mimi ni fundi cherehani, mjamzito wa miezi mitano, na juzi nikikata uzi kwa meno kama nilivyozoea nikaacha doa la damu kwenye gauni jeupe la bibi harusi, nikalifua mbio kwa maji baridi kabla mwenyewe hajaja kulijaribu, likatoka, lakini moyo haujatulia, fizi zimevimba na kila nikipiga mswaki natema damu, basi nikaacha mswaki kabisa nikidhani naupumzisha mdomo, kumbe ndiyo kwanza zinazidi, mama mkwe ananiambia kila mtoto huondoka na jino la mama yake nisijisumbue, ila mteja mmoja akasema fizi mbovu huleta mtoto njiti, na mshauri, kifungua mimba wangu alizaliwa njiti, sasa ni mzima, mtundu balaa, lakini nikikumbuka alivyolala kwenye kile kisanduku cha kioo cha hospitali nasimamisha cherehani, mume wangu sijamwambia, je, nimeshamdhuru huyu wa tumboni?

Fundi Mwenye Doa

Pole, fundi. Shusha pumzi kwanza. Damu hiyo si dalili kwamba umemdhuru mtoto. Mimba huzifanya fizi zivimbe na kutoka damu upesi, na wenzako wengi wanayo hali hiyo, wanaificha tu kama wewe. Mteja wako kasikia nusu. Watafiti wameona wajawazito wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hujifungua kabla ya wakati mara nyingi zaidi, lakini haijathibitika kuwa fizi ndizo chanzo. Kwa hiyo na huyo mtundu wako wa kwanza, acha kujibebesha lawama.

Sasa nikugombeze kidogo. Tangu lini uchafu ukaponya kidonda? Rudisha mswaki, uwe laini, asubuhi na kabla ya kulala, hata kama damu itatoka siku za mwanzo. Mama mkwe mwitikie "ndiyo, mama", kisha nenda zako kwa daktari wa meno wiki hii hii. Mwambie una mimba. Kusafishwa meno ni salama kwa mjamzito. Na mkunga wa kliniki ajue habari za yule njiti, asisikie ukiwa tayari kitandani. Mficha uchi hazai.

Mumeo mwambie leo. Na uzi, mama, ukate kwa mkasi. Hayo meno yaache, utamchekea nayo mgeni wako.