Kiti cha Mkubwa wa Nyumba

Jumatatu, 4 Mei

Nina miaka themanini na moja. Nimemzika mke, nimemzika mwanangu wa pekee, malori matatu yamenifia mikononi. Hata daktari aliyenikataza tumbaku nimemzika, nikavuta kiko changu nikitoka makaburini. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha dunia. Nimekaa nyuma ya usukani miaka arobaini. Mipaka nimevuka mpaka ikanichoka. Lugha nne ninazo — kuomba maji, kuuliza njia, kununua vipuri na kutukana. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, na nikawapita wengi. Daftari hili halimhusu mtu.

Leo mjukuu wangu kaja na jambo. Mimi namwita mke wangu, yeye ananiita mume mbovu, ndio utani wetu tangu hajaota meno. Yuko chuo kikuu anasomea nchi za watu — lugha zao, desturi zao, wanavyoishi. Sikujua mtu anaweza kusomea jirani! Sasa anataka kwenda nchi ya theluji, miaka miwili. Mama yake, mkaza mwanangu, kamwambia: ukipata neno la babu yako utakwenda, usipolipata hutoki. Vizuri. Heshima bado ipo nyumba hii.

Nikakohoa kidogo. Nikasema hapana, theluji haifai mtu wa kwetu.

Kanuna. Kisha kasema Alhamisi chuoni kuna maonyesho ya tamaduni za mataifa, nije nione kwanza ndipo nikatae. Nikamwambia kukataa nimeshakataa, ila kuona nitaona.

Begi la magurudumu liko chini ya kitanda chake. Wanadhani sijaliona.

Jumatano, 6 Mei

Nimepiga pasi koti langu mwenyewe. Mkaza mwanangu alitaka kunisaidia, nimekataa. Kola imeungua. Nikiinamisha kidevu haionekani.

Alhamisi, 7 Mei

Mlinzi wa getini chuoni kaniuliza, mzee unakwenda wapi? Nikamwambia nakwenda kukataa. Kacheka, kanibandika kifuani karatasi ya MGENI, kanionyesha njia.

Jamani, ule ukumbi! Bendera zimeshuka kutoka darini kama mvua. Na vyumba — kila chumba nchi. Unavuka mlango, umevuka mpaka. Hakuna afisa, hakuna kupekuliwa. Mimi niliyelala chini ya lori siku na siku nikingojea muhuri! Leo nimepita nchi saba kabla ya jua la utosi, na viatu havikupata vumbi. Nilikuwa natembea mdomo wazi, mpaka msichana mmoja kaniuliza kama nataka maji.

Chumba cha nchi ya theluji wamekipanga kama sebule. Zulia zito, jiko la chuma, na kando ya jiko kiti kimoja chenye mto mwekundu. Magoti yalikuwa yananiuma. Nikakaa.

Watu wakaanza kuingia. Na kila anayeingia — ananiinamia! Vijana, walimu, wageni wenye kamera. Nikajua sifa zangu zimefika chuoni. Nikawa naitikia kwa mkono. Mmoja kaomba picha, nikavua kofia, nikaivaa tena vizuri zaidi. Bibi mmoja mgeni kaniuliza kitu kwa lugha nisiyoijua. Nikamjibu kwa lugha ya ng'ambo niliyookota barabarani, maneno ya kwanza yaliyonijia: tairi la akiba. Akainama zaidi.

Ndipo akaingia mke wangu akiongoza kundi la wageni. Nyuma yake mwalimu wao aliyetoka huko kwenye theluji, kichwa na ndevu vyeupe pepe. Nimempa jina Mzee Pamba. Mjukuu aliponiona macho yalimtoka. Nikajua nimeharibu. Kumbe kiti ni cha maonyesho, si cha kukaliwa! Kibao cha USIKALIE nilikuwa nimekikalia. Nilikisikia tangu mwanzo, nikadhani ndivyo mito yao ilivyo.

Hakunitoa. Aliniinamia kama wengine, akawageukia watu, akaanza kusema. Lugha ile! Ilikuwa inateremka kama lori lenye shehena, na breki anazo. Hakukwama hata neno moja. Kisha akawachekesha, na yeye akacheka — kicheko cha marehemu bibi yake. Kilekile! Ndani ya lugha ambayo marehemu hakuisikia maisha yake yote. Nilishika mkono wa kiti.

Walipotoka nikamuuliza alikuwa anawaambia nini.

“Nimewaambia huko kwenye theluji kiti hiki ni cha mkubwa wa nyumba, kila anayeingia humwinamia, babu. Na hakuna anayesafiri bila yeye kumruhusu.”

Nikainua kidevu, kola nikaisahau. Mimi!

Wakaonyesha filamu ukutani. Barabara, huku na huku kuta za theluji, ndefu kupita lori. Lori likasimama. Dereva akashuka, kajifunika mpaka pua. Ana rungu mkononi. Akaanza kulizunguka — anagonga tairi, anasikiliza, anagonga, anasikiliza. Ee Mungu! Ndivyo nilivyofanya kila alfajiri miaka arobaini! Tairi zima linaita, lililokosa upepo linaguna. Mimi nilifunzwa na utingo mmoja mlevi. Yule wa theluji kafunzwa na nani? Nikajikuta nimesimama, namwonyesha kila mtu kwa bakora: yule mwenzangu, yule! Watu wakageuka. Mzee Pamba kauliza nasema nini, mjukuu akamfasiria. Mzee akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia mpaka filamu ikaisha.

Ijumaa, 8 Mei

Leo sisemi na mtu. Mkaza mwanangu kauliza kama chai ina kasoro. Haina.

Theluji nilikuwa naisingizia tu. Akienda, nani ataniita mume mbovu? Hilo ndilo. Na miaka miwili kwa mtu wa umri wangu si mchezo, hata kama ni mimi.

Mzee Pamba, ambaye ndiye wa kumpokea mjukuu huko, anarudi kwao Jumapili. Kesho anakuja kusikia neno langu.

Jumamosi, 9 Mei

Kaja. Kasimama wima sebuleni mpaka mimi nilipokaa, ndipo naye akakaa. Kisha akaniuliza kama namruhusu binti. Na mfasiri ni mjukuu mwenyewe! Anajiulizia yeye mwenyewe kwa niaba ya mtu mwingine — hakunitazama.

Kisha nikasema waniletee lile begi la chini ya kitanda. Mama na mwana wakatazamana.

Likaletwa. Nikachukua bakora, nikalizunguka. Nagonga, nasikiliza. Nagonga, nasikiliza. Mzee Pamba akaanza kutabasamu. Gurudumu la nyuma kushoto likaguna. Limelegea! Nikasema begi halitoki kwangu hivi, bisibisi iko wapi?

“Kwa hiyo ndiyo, babu?”

Nikamwambia ashike hapa, asinisemeshe nikiwa kazini.

Naandika begi likiwa mezani, miguu juu, skrubu mfukoni mwangu. Nimepumzika tu kidogo. Neno “ndiyo” sijalitamka, ieleweke. Akitokea mbishi, mashahidi wapo. Mzee Pamba yuko hapa, kanishikia bisibisi. Mkaza mwanangu yupo, anajifuta macho kwa ncha ya leso, anasingizia moshi na jiko halijawashwa. Na mlinzi wa getini aulizwe: siku ile nilikwenda chuoni kukataa.