Mume Wangu Hawezi Kuchinja Kuku

Wete, Pemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Natumaini goti limepungua kuuma na mvua imewafikia huko Tukuyu. Sisi huku tu wazima, na mimi ni mzima mpaka naona haya, maana tangu niolewe kila mtu ananiambia ninang'aa. Majirani bado wananiita Bi Harusi. Mume uliyenibariki nimfuate ng'ambo ya maji ni asali, Mama. Daudi akitoka shule hupitia sokoni kuninunulia asmini, na nikiunguza wali huula wote huku akiusifu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu ni vyumba viwili na yeye husikia kila kitu. Nina mimba. Wewe ndiwe wa kwanza kujua. Nilipanga kumwambia Jumamosi, tukirudi kwa miguu kutoka kwenye mdahalo wa shuleni kwake. Nilishindwa, na sababu yake ndiyo barua hii.

Siku hizi wanafunzi wanatazama vita kwenye simu na kuuliza maswali, ndipo yeye, mwalimu wa historia, akawawekea mada: ilikuwa haki kutumia bomu la atomiki ili kumaliza vita? Mwalimu aliyepangwa kuunga mkono hoja aliugua, Daudi akasimama mahali pake. Alizungumza vizuri mno. Alisema bila bomu vita vile vingeendelea, wangekufa wengi kuliko waliokufa katika ile miji miwili ya Japani. Msichana mmoja wa upande wa kupinga akamuuliza, "Mwalimu, na watoto wachanga nao walikuwa vitani?" Akajibu kwa upole kwamba vita havichagui. Karibu ukumbi mzima ulinyoosha mikono upande wake. Nami nilipiga makofi, nikidhani anaigiza.

Njiani, tukipita kando ya majamvi ya kuanikia karafuu, nikamtania, "Umewadanganya watoto wa watu vizuri."

"Sikudanganya, mpenzi. Nimelifikiria sana. Ningekuwa mimi, ningeruhusu."

"Na kama mimi nimo katika mji huo?"

Akasimama. Akanishika mkono, machozi yakamlengalenga. "Ningeomba usiwemo."

Tukaendelea kutembea, bado amenishika mkono.

Nyumbani tulimkuta jirani yetu, Bi Zuwena, ameleta kuku wa kumpongeza Daudi, maana watoto walishamfikishia habari za mdahalo. Wao ni Waislamu na tungekula pamoja, kwa hiyo mumewe, Mzee Hamadi, ndiye aliyekuja kutuchinjia. Kama kawaida Daudi aliingia ndani, akafunga mlango, akaziba masikio. Alipotoka, Bi Zuwena alikuwa amecheka mpaka amekaa chini.

"Mwalimu, kuku amekushinda, mji mzima utauweza?"

"Kuku ananitazama, Bi Zuwena," Daudi akasema, naye anacheka. "Mji haukutazami."

Wote wakaangua kicheko. Mimi nikaenda kuchemsha maji ya kunyonyolea, nikalia palepale penye moshi ili wadhani ni kuni.

Mama, nilizoea kufikiri kwamba wanaoweza jambo lile ni watu wabaya, na wabaya si wengi. Sasa najua ni watu kama Daudi. Huwanunulia wake zao asmini. Nimemsihi abadili kauli, naye hunikumbatia na kunieleza upya, polepole, kama mwanafunzi aliyechelewa kuelewa. Kama yeye hawezi kubadilika, mpole vile, sijui nani ataweza.

Nisalimie Baba, na Bibi ambaye alilia siku ya harusi kuliko wote, na mdogo wangu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mwambie asisome historia.

Sasa hivi Daudi yuko jikoni, ananichemshia chai ya mdalasini kwa sababu nina kichefuchefu na yeye anadhani ni samaki wa jana. Anaimba. Nitamwambia akileta kikombe. Atafurahi mpaka atalia, hilo nalijua, na kesho atakuwa na kauli ile ile.

Binti yako anayekukumbuka,
Neema