Hatua ya Nne Haikuwa Yangu

Jumatano jioni, Machame. Manyunyu tangu asubuhi, mlima hatujauona. Vidole vina baridi, ila moyo unachemka.

Nimemwogopa Elisante mwaka mzima. Yeye ni mkuu wangu ofisini, mjini Moshi. Mimi ni karani wa mkataba. Tunatunza programu inayowatumia wafugaji ujumbe wa siku ya kuchanja ng'ombe. Wiki iliyopita iliwaita siku ambayo daktari wa mifugo hayupo. Wazee walisimama na ng'ombe wao mvuani hadi mchana. Nilipomwamkia mmoja wao, alinijibu, "Shikamoo mpe ng'ombe, ndiye aliyelowa zaidi."

Kosa ni la Elisante. Kumbukumbu zinasema ni langu.

Naandika polepole, nisijidanganye. Mabadiliko ya programu tunaweza kuyatunza kwa njia mbili. Ya kwanza huacha kila hatua peke yake, na jina la aliyeifanya. Ni ndefu, inachosha kusoma, lakini kila mtu na lake. Ya pili hukunja hatua zote ziwe moja, na jina linalobaki ni la aliyeanza. Elisante anapenda hiyo ya pili.

"Dada, historia ni kama shati, ipige pasi," aliniambia siku moja, wenzetu wakacheka. Nami nikacheka. Nakichukia kile kicheko changu.

Kazi ile ya ujumbe wa chanjo niliianza mimi, hatua tatu. Ya nne, iliyoweka tarehe yenye kosa, aliifanya yeye. Kisha akazikunja zote.

Huku kwetu mipaka ya vihamba, mashamba ya ukoo, huoteshwa mimea ya masale. Ukiyang'oa, shamba linaonekana pana na safi, ila ugomvi hauishi. Ameng'oa yangu.

Kesho saa tatu meneja ametuita sote. Kosa likibaki langu, mkataba wangu hauongezwi.

Lakini mwoga hutunza nakala. Kwenye kompyuta yangu hatua zote nne bado zipo, hazijakunjwa. Nimechapisha kurasa mbili, wake uliokunjwa na wangu. Nitaziweka mezani sambamba, nimtazame akilisoma jina lake. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nataka aone aibu. Nataka wale waliocheka wawepo.

Leo nimefika nyumbani nikakuta jani la isale mezani, limefungwa fundo, kama afanyavyo mtu wa huku akiomba msamaha. Elisante alipita mchana akampa mama, akaomba yaishe.

Kumbe anajua kosa ni lake.

"Mwanangu, isale halikataliwi," mama ameniambia. "Aliyelikataa hulala na balaa."

Najua, nimelelewa hivyo. Nimelitazama jani lile hadi chai ikapoa. Ofisini hakuniomba radhi. Amepanda huku wakati anajua sipo.

Jani alimpa mama, si mimi. Basi mama na amsamehe.

Kurasa zangu nimezitia ndani ya Biblia, katikati, zisikunjwe.